Kuihukumu Anaconda ya Tatu: Filamu, Tarehe na Kumbukumbu

Mwaka jana, katika somo la mbinu za utafiti wa historia, tuliagizwa kuchagua kitu kimoja cha kawaida katika maisha yetu na kukiandikia insha kana kwamba ni hati ya kihistoria. Mwenzangu mmoja alichagua jerikeni ya maji. Mwingine alichagua kitenge cha bibi yake. Mimi nilichagua filamu ya nyoka. Sentensi ya kwanza ya rasimu yangu ilisema hivi: filamu bora kuliko zote katika mfululizo wa Anaconda ni ile ya tatu, ambayo niliitazama pamoja na baba yangu huko Kiwanja, Kongo, kabla hatujakimbia. Mwalimu aliizungushia sentensi hiyo kalamu nyekundu na kuandika pembeni maneno mawili tu: "Ipi? Lini?"

Nilikasirika kidogo. Nilidhani ni swali la mtu asiyependa sinema. Lakini nilipoanza kulijibu niligundua kwamba sentensi yangu ilikuwa na makosa mawili, na kwamba kosa moja ndilo lililozaa jingine. Insha hii inaeleza jinsi nilivyoyapata. Swali lake ni hili: mtu ataihukumu vipi kwa haki filamu ya kutisha ya bei rahisi, iliyo mwendelezo wa mwendelezo, ikiwa filamu hiyo imechanganyika na maisha yake mwenyewe?

Nianze kwa kujieleza, maana msomaji ana haki ya kujua shahidi ni nani. Nilizaliwa mwaka 2002 katika wilaya ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Mwishoni mwa Oktoba 2008 waasi wa CNDP wa Laurent Nkunda waliiteka Rutshuru na Kiwanja. Nilikuwa na miaka sita. Mama, kaka yangu mkubwa, dada yangu na mimi tulivuka mpaka wa Ishasha kuingia Uganda, tukakaa katika kituo cha muda wilayani Kanungu, kisha tukapelekwa kwa lori hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Baba alibaki nyuma siku mbili ili afuatilie mbuzi na kufunga nyumba. Hatukumwona tena. Sasa nasoma ualimu wa Kiswahili na Historia hapa Mbarara, nimepanga chumba Ruti pamoja na wenzangu wawili, na wakati wa likizo narudi Nakivale kwa mama.

Katika chumba hicho cha Ruti mabishano juu ya filamu hayaishi. Mmoja wetu ni Mnyankole wa Ntungamo, mwingine ni Mrundi aliyekulia Nakivale kama mimi. Kila tulipotaja Anaconda, wao walisema ya kwanza ndiyo yenyewe na nyingine ni takataka. Mimi niliitetea ya tatu kwa nguvu. Nilisema ina mto, ina mashua, ina kanyani kadogo kenye akili, na ina nyoka anayechoma watu kwa mkia kama mkuki. Hakuna aliyenipinga kwa ushahidi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa ameitazama tangu utotoni.

Baada ya yale maneno mawili ya mwalimu nilikwenda kwenye duka la filamu, ambalo hapa Uganda huitwa laibrari. Ni kibanda chenye kompyuta moja na orodha ndefu. Unatoa flashi, unalipa, unanakiliwa unachotaka. Nilinunua filamu nne za Anaconda kwa mpigo. Usiku ule tulianza na ya tatu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kesi.

Kwanza nieleze mfululizo wenyewe, kwa sababu huwezi kuhukumu mtoto wa tatu bila kujua ukoo wake.

Filamu ya kwanza, Anaconda, ilitoka Aprili 1997. Iliongozwa na Luis Llosa, na ndani yake wamo Jennifer Lopez, Ice Cube na Jon Voight. Ni hadithi ya watu wanaopanda mto Amazon kutengeneza filamu juu ya kabila fulani, wakakutana na mwindaji wa nyoka anayewageuza mateka. Iligharimu takriban dola milioni 45, na ilikusanya zaidi ya dola milioni 130 duniani. Wahakiki wengi waliicheka. Kuna mahali ambapo maporomoko ya maji yanaonekana yakipanda juu badala ya kushuka, kwa kuwa picha ilirudishwa nyuma ili mashua ionekane ikiondoka. Hata hivyo nyoka wake ana uzito. Sehemu ya picha zake ni za kompyuta, lakini sehemu nyingine ni mashine halisi ya urefu wa mita kadhaa, na waigizaji wanaposukumwa naye unaona miili yao ikisukumwa kweli.

Ya pili ilitoka mwaka 2004. Ilipigwa Fiji, ingawa hadithi yenyewe inatokea Borneo, ambako watafiti wanatafuta ua jekundu linaloweza kurefusha maisha. Mwanafunzi yeyote wa baiolojia atakuambia kwamba anakonda hawaishi Borneo. Wanaishi Amerika Kusini. Waigizaji wake hawakuwa maarufu kama wale wa kwanza, na fedha zilizotumika zilipungua. Bado ilionyeshwa katika majumba ya sinema na kukusanya karibu dola milioni 71.

Ya tatu haikwenda kwenye majumba ya sinema kabisa. Ilitengenezwa kwa ajili ya kituo cha televisheni cha Marekani cha Sci Fi, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 26 Julai 2008. Ilipigwa Romania pamoja na ya nne, moja baada ya nyingine, chini ya mwongozaji mmoja, Don E. FauntLeRoy. Ya nne ilifuata tarehe 28 Februari 2009. Jina kubwa katika ya tatu ni David Hasselhoff, ambaye wengi wa umri wa wazazi wetu walimjua kwa tamthilia za Knight Rider na Baywatch. Hadithi inafuata lile ua la Borneo: sasa liko katika maabara ya tajiri mgonjwa anayetaka kupona, nyoka wanakuzwa kwalo, nyoka wanatoroka, wawindaji wanaitwa.

Mwaka 2015 ikaja ya tano, ambamo anakonda anapambanishwa na mamba wakubwa kutoka mfululizo mwingine uitwao Lake Placid. Mwisho wa mwaka 2025 ikatoka filamu ya vichekesho yenye jina lilelile la Anaconda, ikiwa na Jack Black na Paul Rudd, kuhusu marafiki wanaojaribu kuitengeneza upya ile ya kwanza.

Mwendo huu si mpya. Kampuni ya Universal ilitoa Frankenstein mwaka 1931, ikatoa mwendelezo mwaka 1935, ikaendelea na nyingine, hadi mwaka 1948 yule kiumbe wa kutisha akawekwa pamoja na wachekeshaji wawili, Abbott na Costello. Hofu ikichakaa hugeuzwa kichekesho. Lakini mfano huohuo unatuonya tusiwe na haraka. Mwendelezo wa 1935, Bride of Frankenstein, wahakiki wengi wanauhesabu kuwa bora kuliko filamu iliyoutangulia. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba filamu ni mbaya kwa sababu tu ina namba mbele ya jina lake. Tuangalie kwa nini ilitengenezwa, kwa mali gani, na ilifanya nini na mali hiyo.

Sababu za kutengeneza mwendelezo hutofautiana. Mwongozaji wa Frankenstein, James Whale, alirudi mwenyewe kuongoza ule wa 1935, na alikuwa na la kuongeza. Kwa upande mwingine kuna Hellraiser: Revelations ya 2011, katika mfululizo ulioanzishwa na Clive Barker mwaka 1987. Hiyo ilitengenezwa kwa haraka na kwa fedha kidogo ili kampuni isipoteze haki za mfululizo, na mwigizaji Doug Bradley, aliyekuwa amecheza katika filamu nane zilizotangulia, alikataa kushiriki. Huku kwetu pia biashara imewahi kuzaa mwendelezo: filamu nyingi za Nigeria na za Bongo ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, si kwa sababu hadithi ilikuwa ndefu, bali kwa sababu kanda mbili huuzwa mara mbili. Anaconda ya tatu iko katika kundi hili la biashara. Televisheni ilihitaji kitu cha kuonyesha Jumamosi usiku, na jina la Anaconda lilikuwa tayari linajulikana.

Sasa nirudi kwenye chumba chetu Ruti. Filamu ilianza, na ndani ya nusu saa nilijua kwamba nina tatizo. Hapakuwa na mto. Hapakuwa na mashua. Msitu ulikuwa wa miti ya nchi ya baridi, na ardhi ilijaa majani makavu. Nilingoja kanyani. Wenzangu walianza kunitazama badala ya kutazama filamu. Yule Mrundi akaniuliza, "Kaka, nyani wako amekosa viza ya Ulaya?" Tulicheka wote, lakini mimi nilicheka kwa shida.

Mkia ulikuwepo. Nyoka wa filamu hii kweli anachoma watu kwa ncha ya mkia. Basi nusu ya kumbukumbu yangu ilikuwa sahihi na nusu ilikuwa imetoka kwingine. Kesho yake tulitazama ya pili, na humo nilikuta mto, mashua na kanyani. Kanaitwa Kong, ni mali ya nahodha, na kanapiga kelele za hofu wakati watu bado wanabishana.

Hapa ndipo swali la mwalimu lilipokuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Kama niliitazama ya tatu Kiwanja pamoja na baba, ilibidi iwe kabla ya mwisho wa Oktoba 2008, siku tulipokimbia. Filamu hiyo ilionekana duniani kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Julai mwaka huo, kwenye kituo kimoja cha televisheni cha Marekani. Ili ifike kwenye runinga ya jirani yetu Kiwanja ingehitaji kunakiliwa, kusafirishwa, na kuuzwa, yote ndani ya miezi mitatu na katikati ya vita vilivyokuwa vimeanza tena Agosti. Siwezi kusema haiwezekani kabisa. Lakini mwanahistoria huuliza lipi lina uwezekano mkubwa zaidi, na filamu ya 2004 ilikuwa na miaka minne ya kusafiri.

Nilihitaji shahidi wa pili. Nilimpigia mama simu. Sikutaka kumwongoza, kwa hiyo nilimuuliza tu kama anakumbuka filamu yoyote ya nyoka kule nyumbani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo: "Ile yenye kanyani? Kale kanyani kalionaka nyoka mbele ya watu. Baba yako akasema, unaona, kanyani kako na akili kupita bazungu. Alichekaka mpaka jenereta ikazimika, akaendelea kucheka mu giza."

Nilimuuliza kuhusu nyoka mwenye mkia wa mkuki. Alisema hajawahi kumwona huyo. Nilimuuliza ilikuwa wakati gani. Hakutaja mwezi, alisema ni wakati maharage yalikuwa yameanikwa uani, kwa sababu jirani aliwakataza watoto kuyakanyaga walipokuwa wakiingia kutazama.

Basi ushahidi ulipatana. Kiwanja, pamoja na baba, niliitazama ya pili. Ile ya tatu niliitazama Nakivale, na baba hakuwepo.

Nilitaka kujua pia kosa lilitokeaje, maana kosa lisiloelezwa hurudi. Jibu liko kwenye kibanda cha sinema cha New Congo, Nakivale, ambacho nilianza kuingia nikiwa darasa la tatu, yaani kama mwaka 2011. Kilikuwa cha miti na udongo, na upande mmoja umefunikwa kwa turubai lenye maandishi ya shirika la wakimbizi. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Diski zilizoonyeshwa hazikuwa na filamu moja moja. Zilikuwa diski za kubana, filamu nane au kumi ndani ya moja, zote za mfululizo mmoja au za mwigizaji mmoja. Anaconda zote zilikuwa pamoja, na kwa siku ya Jumapili ungeweza kuzitazama mfululizo hadi macho yakauma.

Isitoshe, tulikuwa na mfasiri. Uganda ni nchi ya wafasiri wa filamu. Wanaitwa viijei, na VJ Jingo ni jina linalojulikana hata na watu wasioingia vibandani. Kenya ina DJ Afro. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hadi watu wakanunua sauti yake kuliko filamu. Diski nyingi zilizofika Nakivale zilikuwa na sauti ya Kiganda, na sisi tuliotoka Kongo hatukukielewa. Kwa hiyo kijana mmoja wa kijiji chetu alikaa mbele na kipaza sauti, akapunguza sauti ya diski, akafasiri kwa Kiswahili. Ninaposema alifasiri, namaanisha alitunga. Nyoka alipotulia, kijana alijaza ukimya. Na ilipofika ya tatu, kwa kuwa hadithi yake inategemea ua la filamu ya pili, alilazimika kuwaeleza waliochelewa. Nakumbuka sasa kwamba aliieleza safari yote ya Borneo juu ya picha za Romania: mto, mashua, nahodha, na kanyani. Masikio yangu yalikuwa Borneo na macho yangu yalikuwa Romania. Kichwa cha mtoto wa miaka tisa kilizishona pamoja, na kwa kuwa kanyani kalikuwa ka baba, baba naye akaingia.

Labda msomaji atasema haya ni mambo madogo. Filamu gani mtoto aliitazama wapi, kuna tofauti gani? Kwetu sisi kuna tofauti. Mara mbili familia yetu imekaa mbele ya watu wanaouliza na kuandika. Swali la kwanza huwa tarehe. Katika mahojiano ya pili mama alitaja mwezi mmoja na kaka yangu akataja mwingine, na kuanzia hapo maswali yalibadilika sauti. Tulitoka nje tumenyamaza. Usiku kaka alisema jambo ambalo sijalisahau: kwamba mtu anayerekebisha maneno yake huonekana mwongo kuliko mwongo mwenyewe. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayependa kusema "nilikosea." Ukishasema jambo, unakaa nalo.

Ndiyo sababu niliitetea Anaconda ya tatu kwa miaka yote ile. Sikuwa natetea filamu. Nilikuwa nimeshasema kwamba niliitazama na baba, na kama filamu ni takataka, basi jioni ile nayo ingekuwa nini? Niliihitaji iwe nzuri. Hakimu mwenye haja ya namna hiyo angepaswa kujitoa kwenye kesi.

Sasa kwa kuwa baba ametoka katika ya tatu, naweza kuihukumu bila upendeleo. Niliitazama tena peke yangu, na daftari mkononi, nikitumia vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni ufundi. Hapa inaanguka. Nyoka wa kompyuta hana uzito. Anapita juu ya majani na majani hayatikisiki inavyotakiwa, anampiga mtu na mtu anaanguka kama aliyeambiwa aanguke. Damu ni nyingi, lakini wingi wake hauongezi hofu. Katika filamu ya kwanza tunangoja muda mrefu kabla ya kumwona nyoka mzima, na kungoja huko ndiko kunakotisha. Katika ya tatu nyoka anaonyeshwa mapema na mara nyingi, kama mwenye duka anayemwaga bidhaa zote mezani kwa kuogopa mteja ataondoka.

Kipimo cha pili ni wazo jipya. Kila mwendelezo unadaiwa angalau jambo moja ambalo uliotangulia haukuwa nalo. Ya tatu inajaribu. Mkia unaochoma ni wazo jipya, ingawa hakuna anakonda wa namna hiyo duniani. Wazo la kuwatoa nyoka mtoni na kuwaweka mikononi mwa tajiri anayeogopa kufa ni zuri pia, na John Rhys-Davies anayecheza nafasi hiyo anajua kazi yake. Tatizo ni kwamba filamu haina subira naye. Inamwacha haraka ili irudi kwa watu wanaokimbia msituni, na watu hao hatuwajui vya kutosha kuwahurumia.

Kipimo cha tatu ni uaminifu kwa kusudi lake. Hapa nitaipa alama. Ilitengenezwa ili ijaze muda wa televisheni kwa kutumia jina linalojulikana, na inafanya hivyo bila kujifanya kitu kingine. Haimchoshi mtu kwa hotuba. Mtu aliyeketi kutazama nyoka anapewa nyoka. Kuna filamu za fedha nyingi ambazo haziwezi kusema hivyo. Lakini uaminifu huu haufuti vipimo viwili vya kwanza. Hukumu yangu ni kwamba Anaconda ya tatu ni filamu dhaifu, dhaifu kuliko zote mbili zilizoitangulia, na wenzangu wa Ruti walikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa.

Najua upande wa utetezi utasema nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa wakili wake. Utasema: lakini kule Nakivale watu walipiga makofi, watoto walipanda juu ya mabenchi, hata wazee waliingia. Je, furaha ile si kitu? Ni kitu kikubwa. Ila ni ushahidi juu yetu na juu ya yule kijana mwenye kipaza sauti. Si ushahidi juu ya kazi iliyofanywa Romania. Tukimpa FauntLeRoy sifa ya maneno yaliyotungwa New Congo, tunamnyima kijana wetu haki yake. Mtu atakayeandika historia ya sinema ya Nakivale siku moja asiandike kwamba wakimbizi walipenda filamu mbaya. Aandike kwamba walikuwa na msimulizi mzuri, na kwamba alifanya kazi na diski alizozipata.

Jambo la mwisho ni lile nililojifunza kuhusu vyanzo. Tunafundishwa kuwa chanzo bora ni kile kilichoandikwa kwa uangalifu na mtu makini. Filamu hii haikutengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Lakini ina tarehe, na tarehe yake haibembelezeki. Haikujua habari za Kiwanja wala za baba yangu, haikuwa na sababu ya kunifurahisha, na kwa hiyo niliweza kupima maneno yangu mwenyewe kwayo. Kama ingekuwa imetoka mwaka 2003, nisingegundua kosa kamwe. Ningekufa nikiamini kwamba jioni ile ilikuwa ya nyoka mwenye mkia wa mkuki.

Nilichopata badala yake ni kidogo lakini ni imara zaidi. Kabla ya Oktoba 2008, wakati maharage yalikuwa yameanikwa, katika nyumba ya jirani mwenye jenereta, baba yangu aliitazama filamu ya 2004 iliyopigwa Fiji, akacheka kwa sababu ya kanyani. Jambo hilo lina mashahidi wawili na halipingani na tarehe yoyote ninayoijua.

Nilipomaliza insha nilimpigia mama tena na kumsomea. Alisikiliza yote bila kukatiza. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo ile ya tatu ni mubaya?"

Nikamjibu, "Ndiyo mama, ni mbaya."

"Na weye ulikoseaka?"

"Nilikosea, mama."

Akasema sawa, kisha akaniambia nikija likizo nimletee ile ya kanyani kwenye flashi, kwa kuwa siku hizi jirani yake ana runinga ya sola. Sentensi ya kwanza ya rasimu nimeifuta. Badala yake nimeandika ipi na lini, kama nilivyoulizwa.